Mtamba Aliyerudishwa

Mzee Rwegoshora alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo chake cha maziwa pale Kihanga, akiwatania wafugaji waliokuwa wanasubiri zamu ya kupimiwa, alipomwona Novath anakuja akiongoza mtamba kwa kamba. Kwanza alifurahi. Mtamba huyo, mwekundu wa pembe ndefu, mwenye mimba changa, ni yeye mwenyewe aliyemtoa zizini kwake wiki chache nyuma akampeleka hadi Ihembe kumpa Kembabazi, mke wa Novath. Akadhani labda ng'ombe anaumwa, ameletwa atazamwe na wanaojua.

Novath alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, Mlutheri mpole, mtu asiyejua ng'ombe wala ugomvi, na siku hiyo alikuwa amebebeshwa vyote viwili.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Mtamba ana nini?"

"Hana kitu, tata. Ni mzima." Novath akaifunga kamba kwenye nguzo ya uzio, akaifungua, akaifunga tena. "Kembabazi amesema nimrudishe. Amesema anashukuru sana. Lakini amekushitaki kule Tume ya mambo ya kazi, na hawezi kukushitaki huku anasubiri kunywa maziwa ya ng'ombe wako."

Wafugaji wote wakanyamaza. Kuhusu hiyo Tume hawakujua mengi, na wala haikuwashtua. Kilichowafunga midomo ni yule mtamba pale kwenye nguzo. Kwa watu wa ng'ombe, ng'ombe wa kupewa harudishwi. Akifa unapeleka ngozi, akizaa unapeleka habari, lakini kumrudisha akiwa hai, anatembea kwa miguu yake, ni kusema kwamba undugu umekwisha. Mzee mmoja alivua kofia kabisa, kama aliyefika msibani.

Rwegoshora alijitahidi kucheka. "Haya," alisema, "mwache hapo, atakula majani." Akaingia ndani ya kituo, akasimama nyuma ya tanki la kupoozea maziwa ambako hakuna aliyemwona, akajifuta macho kwa kiganja.

Sasa, mtu akisikia hivi atadhani Rwegoshora ni mwajiri katili. La. Kihanga nzima ingekuapia kwamba ni mtu mwema, na shida yote ilianzia hapo hapo kwenye wema wake.

Yeye na Methodius, baba yake Kembabazi, walikula omukago ujanani. Mmoja mfugaji, mwingine mkulima. Wakagawana buni mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akaimeza ya kwake na tone la damu ya mwenzake, na tangu siku ile mtoto wa huyu akawa mtoto wa yule. Methodius alipofariki, Kembabazi yuko sekondari. Rwegoshora akamsomesha hadi akamaliza, akampeleka kozi ya maziwa, akamwozesha kanisani kwa mkono wake mwenyewe. Alipofungua kituo, mtu wa kwanza kumweka kwenye meza ya kupimia alikuwa yeye. Na Kembabazi aliimudu meza ile. Wafugaji waliokuwa na tabia ya kuongeza maji kidogo kwenye keni waliacha tabia hiyo, au walihama wakaenda kuuza kwenye hoteli za Nkwenda, ambako maziwa ya chai hayapimwi.

Kisha Kembabazi akapata mimba, na tumbo likaanza kuonekana chini ya koti jeupe la kazi. Siku hiyo hiyo alipoliona, Rwegoshora hakulala vizuri. Asubuhi akamwita.

"Mwanangu," alimwambia, "sasa pumzika. Kazi ya keni si ya mwenye tumbo. Nenda nyumbani ukalee mimba yako. Mengine tutayaona Mungu akijalia."

Jioni akampeleka mtamba Ihembe, akamsifu mbele ya wakwe: ana damu nzuri, mama yake alikuwa na maziwa mengi, tena ana mimba tayari. Kembabazi alilia. Rwegoshora alirudi nyumbani ametulia, anamweleza mkewe jinsi mtoto alivyotokwa na machozi ya shukrani. Wanaume wa rika lake wana kipaji hicho cha kuyasoma machozi ya mwanamke upande wanaoutaka.

Kwenye meza akamweka Yustus, mtu wa mikono mikubwa na haraka ndogo. Na wito wa Tume ulipofika, siku mbili baada ya mtamba kurudishwa, aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Ulisema "ubaguzi." Neno hilo alilijua kwenye redio. Hakuwahi kufikiri lingeingia getini kwake.

Aliyekuja kumsaidia alikuwa Elipidius, mtoto wa dada yake, mwanasheria wa Bukoba. Alifika Jumamosi, akanywa maziwa aliyopewa na mke wa mjomba wake, akafuta midomo, akaanza kuuliza. Alikuwa kijana mzuri, mwenye heshima, na aliyapenda maneno yaliyonyooka.

"Kwa nini ulimwondoa, mjomba?"

"Nilimhurumia."

"Hilo ndilo neno ambalo hutalitamka kabisa mbele ya msuluhishi."

Rwegoshora akamtazama kama aliyeambiwa asitaje jina lake. "Tangu lini huruma ikawa kosa?"

"Sikiliza, mjomba. Zamani tungekwenda pale, ukaeleza ulivyomlea na ulivyompa ng'ombe, na kila mtu chumbani angelainika. Siku hizi kuna hukumu mpya, zimetoka mahakamani moja baada ya nyingine, na zimebadilisha mchezo. Majaji wanasema mwanamke akiondolewa kazini kwa sababu ya mimba amebaguliwa, awe ameondolewa kwa chuki au kwa mapenzi. Moyo wako hawaupimi tena. Wanapima kilichompata yeye. Halafu mzigo nao umehamia kwako. Kembabazi akishaonyesha kwamba alikuwa kazini, akaonekana tumbo, akaondolewa, basi amemaliza kazi yake. Anayebaki na kazi ya kuthibitisha ni wewe, kwamba sababu ilikuwa nyingine."

"Lakini sababu haikuwa nyingine."

"Ndiyo maana nasema tuna njia moja tu." Elipidius akashusha sauti, maana hata yeye njia hiyo haikumpendeza. "Mwezi wa tano maziwa ya tanki zima yaliharibika. Zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya Kembabazi. Umeme ulikatika."

"Zamu ilikuwa yake. Basi. Tutasema uliondoa mfanyakazi mzembe, ila kwa kumheshimu hukumwandikia hivyo. Wafugaji wote wanakumbuka yale maziwa. Hilo linaweza kusimama, mjomba. Huruma haisimami."

Ukweli wa yale maziwa Rwegoshora aliujua vizuri. Umeme ulikatika, ndiyo, na jenereta haikuwaka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajanunua dizeli, ingawa Kembabazi alikuwa amemkumbusha na kumkumbusha. Usiku kucha binti yule alikuwa akimwagia tanki maji ya baridi kwa ndoo. Asubuhi alimkuta amelowa, anatetemeka, anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

"Na nikishindwa?" aliuliza.

"Itabidi umrudishe kazini au umlipe fidia ya kukukausha. Na mimi sioni kituo kikisimama baada ya fidia hiyo."

"Na nikishinda kwa hiyo njia yako?"

Elipidius alikikunja kitambaa chake cha mkononi, akakirudisha mfukoni. "Ukishinda umeshinda, mjomba. Kuhusu yeye kukuita tata tena, hilo mimi sikulisomea."

Basi Rwegoshora akabaki na hesabu hiyo kichwani. Akisema kweli, sheria inamwangusha. Akisema uongo, huenda akaokoka, lakini mtoto wa Methodius atatoka mle chumbani amepakwa uzembe, na aliyempaka ni baba yake. Siku za kwanza alijaribu kujisikitikia. Alijiambia kwamba ni yeye aliyedhulumiwa, kwamba watoto wa siku hizi ukiwabeba mgongoni wanakuuma sikio. Lakini kila alipoingia kituoni na kumwona Yustus akikitumbukiza kipimo kwenye maziwa na kukitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeokota kitu njiani, moyo ulimuuma. Alimkumbuka binti yake. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Mkewe Kokugonza hakuwa amesema neno kuhusu jambo hilo tangu mtamba arudi. Alimpokea ng'ombe, akamfunga pamoja na wenzake, akaendelea na shughuli zake. Na Kokugonza akinyamaza hivyo, nyumba huwa nzito. Siku tatu kabla ya kwenda Kayanga kwenye usuluhishi, Rwegoshora alimfuata jikoni, akamkuta ameketi mkekani anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Wewe ndiye shahidi wangu," alimwambia. "Wewe unajua kwa nini nilimwondoa. Unajua kilichokupata."

Kisu kikasimama. "Kilichonipata mimi? Kitaje."

Hakuwahi kukitaja. Ilikuwa miaka ile biashara yote ilikuwa baiskeli moja na keni mbili, naye Kokugonza ndiye aliyekuwa akizunguka alfajiri kuchukua maziwa kwa wafugaji. Alikuwa na mimba yao ya kwanza. Mimba ikatoka ikiwa imeshakuwa kubwa, mtoto wa kiume. Walimzika asubuhi yenye ukungu, watu wachache tu. Rwegoshora aliporudi kutoka kuzika alizichukua zile keni mbili akazifungia stoo, na mkewe hakuzigusa tena. Baadaye Mungu akawapa Mackrine na wadogo zake, wakashukuru, wakaendelea kuishi.

"Mtoto wetu," alisema sasa, kwa shida. "Zile keni zilimuua. Na ni mimi niliyekuacha uzibebe. Nilipomwona Kembabazi na tumbo, anasimama karibu na keni, niliona wewe."

Kokugonza aliweka kisu chini. Alimtazama mumewe kwa muda, na uso wake ukawa na kitu ambacho Rwegoshora hakuwahi kukiona, nusu huruma nusu hasira.

"Baba Mackrine, haikuwa keni. Ilikuwa malaria. Nilikuwa na homa wiki nzima nikajikaza, mpaka mganga wa misheni akaniambia damu imekwisha. Aliniambia wazi. Nilisubiri uniulize. Ulikuja umeshaamua. Ukafungia keni stoo, na hukunitazama machoni mwezi mzima."

"Nilikuwa naona aibu."

"Mimi nilidhani unanilaumu. Nilidhani umeninyang'anya kazi kwa sababu nilimpoteza mtoto wako. Na kazi ile niliipenda. Ule mzunguko wa alfajiri, watu wananiita kila mji, wananipa habari. Baada ya kumzika mtoto ndiyo kitu pekee nilichotaka kurudia. Ukakifunga kwa kufuli."

Rwegoshora alijikuta ameketi mkekani, kwenye maganda. Mtu anaweza kuishi na mwenzake mpaka meno yakalegea, kila mmoja anambebea mwenzake mzigo ambao si wake, na wote wanaita hiyo ni ndoa.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalia," alisema Kokugonza. "Nani anamgombeza mtu anayelia?"

Wakakaa hivyo, yeye na utomvu wake, mume na maganda yake, mpaka ndizi za juu kwenye beseni zikaanza kuwa nyeusi. Halafu Kokugonza akachukua kisu akaendelea kumenya. Alisema jambo moja tu zaidi: kwamba Kayanga watakwenda wote.

Msuluhishi alikuwa mwanamke aitwaye Bi Joviness, amekuja kutoka Bukoba na kuazimwa chumba chenye meza moja na viti vya plastiki. Wenye shauri na Elipidius ndio waliokaa naye ndani. Kokugonza na Novath wakaketi barazani, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya hewa.

Kembabazi aliingia taratibu. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa, na gauni la kitenge lilimvuta mbele. Alipomwona Rwegoshora alisimama, akashika ukingo wa meza, akaanza kupiga magoti amsalimie jinsi binti anavyomsalimia baba.

"Acha, mwanangu, utaumia," alisema Rwegoshora akiinuka.

"Nitajua mwenyewe nikiumia," alisema Kembabazi, akapiga goti, akasema shikamoo, akaitikiwa, akajiinua kwa mkono wa kiti. Bi Joviness aliandika kitu kwenye karatasi yake. Elipidius akakohoa.

Aliyeanza kueleza ni Kembabazi. Hakutumia maneno ya sheria.

"Sikuja hapa kwa kumchukia tata. Watu wa Ihembe wamenisema sana, kwamba mtoto wa omukago hamshitaki baba. Labda kweli. Lakini mimi siku ile sikuulizwa kitu. Sikuulizwa kama naumwa, sikuulizwa kama nimechoka. Niliambiwa nenda. Jioni nikaletewa mtamba, na mbele ya wakwe zangu tata akamsifu mtamba kwa sababu ana mimba. Mimi nimeondolewa kwa sababu nina mimba. Nililia sana. Nadhani tata aliona."

"Niliona," alisema Rwegoshora kwa sauti ndogo.

"Pale kwenye meza ya maziwa nilikuwa mtu. Mzee wa miaka mingi ananiletea keni yake, nikimwambia hii haifai, anaipakia tena na kuondoka, hata kama njiani ananilaani. Kazi hiyo niliisomea, na aliyenisomesha ni yeye. Sasa nikiondolewa kwa huruma, baada ya kuzaa nitarudi kuomba kwa huruma. Hilo silitaki. Nilisikia redioni kwamba mahakama imesema siku hizi mwenye mimba haondolewi hivyo. Nikamwambia Novath, basi sina wazimu. Kumbe kuna majaji wanaoona ninavyoona."

Bi Joviness akamgeukia Elipidius, na Elipidius akafanya kazi aliyoitwa kuifanya. Alieleza vizuri, bila ukali, kwamba mteja wake anampenda mlalamikaji kama binti, lakini biashara ni biashara, na kwamba mwezi wa tano, katika zamu ya mlalamikaji, maziwa ya tanki zima yaliharibika.

Kembabazi hakupinga. Hata hakumtazama Elipidius. Alimtazama Rwegoshora, akangoja. Ni huko kungoja kwake ndiko kulikomshinda mzee. Angekasirika, angepiga kelele, huenda uongo ungepata pa kupita. Lakini alikuwa ametulia kabisa, amekunja mikono juu ya tumbo, kama mtoto anayetaka kujua iwapo baba aliyempeleka sokoni atamwacha huko.

"Mzee Rwegoshora," alisema Bi Joviness, "ni kweli mlimwondoa kwa uzembe?"

Sentensi ilikuwa tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kihanga. Akafungua mdomo.

"Mama, huyu hajawahi kuwa mzembe hata asubuhi moja," alisema. "Maziwa yale niliyaharibu mimi. Alinikumbusha dizeli ya jenereta, nikapuuza, na usiku ule alimwagia tanki maji kwa ndoo mpaka kukakucha. Mfanyakazi wa namna hii sina mwingine, na sitampata. Nilimwondoa kwa sababu ya tumbo. Nililiona tumbo, nikaogopa, nikaamua peke yangu. Andika hivyo."

Elipidius aliweka kalamu mezani. Alimtazama mjomba wake, akatikisa kichwa polepole, na midomo yake ikawa inapigana na tabasamu. "Basi mimi," alisema, "sina la kuongeza."

Bi Joviness naye hakuharakisha kuandika. Alisema kwamba kwa maneno hayo shauri hili lisingekuwa gumu kwa mwamuzi yeyote, jinsi hukumu zilivyo sasa, lakini kwamba hapa bado wapo kwenye usuluhishi, na wanaweza kumaliza wenyewe. Akamuuliza mzee kama ana neno la kumwambia mlalamikaji.

Alikuwa nalo, lakini lilitoka vipande vipande. Alimweleza Kembabazi habari ya mtoto wa kwanza, na keni mbili za stoo, na alivyokosea, na alivyokuja kujua juzi tu jikoni kwamba alikosea. Barazani, Kokugonza alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kembabazi alisikiliza hadi mwisho, na machozi yakaanza kumshuka. Safari hii Rwegoshora hakujaribu kuyasoma.

"Ungeniuliza tu, tata," alisema Kembabazi.

"Kweli. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza kuhusu keni ningekwambia siziinui. Tangu tumbo lianze, wafugaji ndio wanaoniinulia. Mzee Telesfori alikuwa haniruhusu hata kugusa mfuniko. Watu wote wa kituo walijua, ila wewe."

Rwegoshora akabaki mdomo wazi. Wakati yeye akikesha anaziona keni zikimponda binti wa watu, wazee walewale aliokuwa anataniana nao mlangoni walikuwa wameshapanga zamu ya kuinua. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na hakuona aibu nacho.

Alipotulia, akavuta kiti chake mpaka kwa Kembabazi.

"Haya, nakuuliza. Unataka kurudi kazini?"

"Nataka."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Na kupumzika, utapumzika lini?"

"Daktari ataniambia, na mimi nitakwambia."

"Nitangoja uniambie," alisema Rwegoshora. Ilimtoka kwa taabu, kama lugha ya watu wa mbali, lakini alimaliza.

Bi Joviness akaandika makubaliano: arudi kazini pale pale mezani, alipwe miezi aliyokaa nyumbani, akijifungua apate likizo yake yote na nafasi yake imngoje. Wote wawili wakatia sahihi. Elipidius akatia yake chini, kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, kama aliyeshinda yeye.

Barazani, Novath alikuwa amekwisha kumfungulia mkewe chupa ya maji. Kokugonza akamkumbatia Kembabazi kwa ubavu, tumbo likiwa kati yao. Rwegoshora akasimama karibu nao akizungusha kofia mkononi. Furaha ilikuwa imemjaa, na akijaa furaha huwa anaanza kupanga mambo ya watu.

"Kwa hiyo akiwa likizo ya uzazi," alisema, "pale mezani nitamweka Yustus, halafu..." Akakoma. Akamtazama mkewe. Ilionekana anahangaika, kama mtu anayetafuta mlango gizani kwenye nyumba yake mwenyewe. "Mama Mackrine, wewe unaonaje? Kuna... kuna kazi ungependa kuifanya?"

Kokugonza alitazama barabara, akatazama mikono yake ambayo utomvu wa ndizi hautoki hata usugue vipi.

"Umechelewa kuniuliza," alisema.

"Najua."

"Kembabazi atanifundisha kipimo. Akienda kujifungua, meza nitaishika mimi mpaka arudi, halafu nitampisha. Na alfajiri nitazunguka na gari kuchukua maziwa, mji kwa mji. Keni nitazipakia mwenyewe."

Rwegoshora akafungua mdomo kusema kwamba keni ni nzito, na umri umekwenda, na alfajiri kuna baridi. Akaufunga.